Sauti Ikiachana na Picha kwenye DVD: Pima Kwanza, Ndipo Urekebishe

Fundi akirudishiwa DVD ya harusi kwa sababu sauti na picha haziendi pamoja, mara nyingi hukimbilia kuisogeza sauti mbele kidogo, kisha anachoma diski nyingine. Mwanzo unakaa vizuri. Kufikia hotuba za wazazi, midomo na maneno vimeachana tena. Diski ya tatu inaingia kwenye mashine, na mteja anaanza kuulizia pesa zake.

Kusogeza sauti hutibu aina moja tu ya tatizo hili, na aina ziko tatu. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kupima. Ukishakuwa na vipimo vyako, marekebisho yenyewe kwa kawaida ni mstari mmoja wa amri.

Wapo watakaouliza ni nani bado anataka DVD siku hizi za flashi na YouTube. Huku kwetu, kuanzia ruracio (sherehe za mahari) za Nakuru hadi matanga ya Siaya na Busia, bado ni wengi: wazee wenye deki sebuleni, kwaya zinazouza nyimbo zao nje ya kanisa baada ya ibada, familia zinazotaka mazishi ya babu yakae kabatini pamoja na albamu ya picha. Mtu wa namna hiyo hataki kusikia habari za kodeki. Anataka aweke diski, aketi, atazame.

Programu utakazohitaji zote hazilipiwi: VLC (ya kuchezea video), MediaInfo (ya kusoma taarifa za faili), FFmpeg (ya kubadilisha faili kwa amri za kuandika), DVDStyler (ya kutengeneza menyu ya DVD) na ImgBurn (ya kuchoma diski). FFmpeg huwatisha wengi kwa kuwa haina vitufe, lakini njia yake ni fupi. Weka ffmpeg.exe kwenye folda ileile yenye video yako, fungua folda hiyo, andika cmd kwenye ule mstari wa juu unaoonyesha anwani ya folda, bonyeza Enter. Dirisha jeusi likifunguka, uko tayari.

Hatua ya 1: Hakikisha kosa liko kwenye diski

Mama mmoja wa Ugunja atakupigia simu jioni: "Kijana wangu, huyu pasta anaongea kabla hajafungua mdomo." Usiombe radhi bado. Muulize, "Mama, sauti inatokea kwa TV au kwa wufa?"

Televisheni bapa za kisasa huichakata picha kabla ya kuionyesha, na kazi hiyo hula muda. Sauti inayopita TV husubirishwa pamoja na picha. Sauti iliyotolewa kwenye deki kwa waya mwekundu na mweupe moja kwa moja hadi kwenye wufa haisubiri mtu, kwa hivyo inatangulia. Mwombe achomoe wufa na asikilize kwa spika za TV yenyewe. Midomo ikikaa sawa, diski yako haina kosa. Aunganishe wufa kwenye tundu la sauti la TV. Spika za Bluetooth huleta kinyume chake: zinachelewesha sauti.

Ikiwa kosa liko palepale hata kwa spika za TV, sasa ni zamu yako.

Hatua ya 2: Tafuta lilikoanzia

Fungua faili asili kwenye VLC, ile iliyotoka kwenye kamera au simu kabla hujaigusa. Kisha fungua folda ya VIDEO_TS iliyotengenezwa kwa ajili ya diski, pia kwa VLC, kwenye kompyuta hiyohiyo. Asili ikiwa nzima na VIDEO_TS ikiwa na kasoro, ubadilishaji ndio ulioharibu. Zote mbili zikiwa na kasoro, kosa lilitokea wakati wa kurekodi, na kuibadilisha faili tena kwa programu nyingine ni kupoteza usiku bure.

Kipimo hiki hakihitaji diski hata moja. Kila ninapowaona vijana wakichoma diski ili tu "kuona kama imekubali", nawaonea huruma. VIDEO_TS iliyo kwenye kompyuta na ile iliyo kwenye diski ni kitu kilekile.

Hatua ya 3: Pima mahali patatu

Hapa usiharakishe.

Tafuta sauti kali inayoonekana machoni: kofi la mikono, fimbo ikigusa ngoma, sahani ikiangushwa, kifuniko cha soda kikifunguliwa. Kwenye matanga, udongo wa kwanza unapoangukia jeneza. Vigelegele havifai, havina mwanzo unaoshikika. Midomo nayo hudanganya, hasa mtu akiwa mbali au ameshika maikrofoni mbele ya uso.

Tafuta tukio la namna hiyo ndani ya dakika tano za kwanza, jingine katikati, na jingine karibu na mwisho. Kwenye kila moja, rudia kuicheza sehemu hiyo huku ukibonyeza K au J. K huichelewesha sauti, J huiwahisha, milisekunde 50 (milisekunde ni sehemu ya elfu ya sekunde) kwa kila mbonyezo, na VLC huandika jumla yake kwenye skrini. Picha na sauti zikigongana, andika namba hiyo kwenye karatasi pamoja na dakika uliyopimia. Ni namba chanya ikiwa sauti ilikuwa imetangulia, hasi ikiwa ilichelewa.

Sasa soma karatasi yako.

Namba tatu zinazofanana, tuseme 350, 350, 350: sauti imehama kwa kiasi kimoja tangu mwanzo. Hili ndilo jepesi kuliko yote.

Namba zinazokua kwa mpangilio, tuseme 0, 900, 1800: sauti na picha zinatembea kwa kasi tofauti. Ukisogeza, unahamisha tu mahali pa kosa.

Namba zisizo na mpangilio, tuseme 0, 0, 700: kuna mahali hasa ambapo kitu kilikatika, na inabidi upatafute.

Usihangaike na tofauti ndogo. Pendekezo la kimataifa la watangazaji, ITU-R BT.1359, linasema mtazamaji huanza kugundua sauti iliyotangulia ikifika milisekunde 45 hivi, lakini iliyochelewa huivumilia mpaka karibu 125. Wanaoishi kando ya ziwa hawahitaji kuelezwa sababu: radi za huku humulika kwanza, ngurumo ikafuata, na sikio limezoea mpangilio huo tangu utotoni. Kwa hivyo ukibaki njia panda kati ya namba mbili, chagua ile inayoiacha sauti nyuma kidogo.

Mwendo wa sauti wenyewe pia una mchango. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Ukisimamisha kamera nyuma ya hema, mita 34 kutoka kwenye spika, na kamera hiyohiyo ndiyo inayorekodi sauti, tayari umechelewa kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde kabla hata hujafika kwenye kompyuta. Hilo huingia kwenye kundi la kwanza na hurekebishika.

Hatua ya 4: Isome faili kwa MediaInfo

Fungua faili asili kwa MediaInfo na uchague mwonekano wa maandishi. Unatafuta mambo matatu.

La kwanza ni mstari wa "Frame rate mode". Ukisema "Variable", umemkamata mshukiwa mkuu. Simu nyingi haziweki fremu, zile picha moja moja zinazounda video, kwa kipimo kimoja. Kwenye ukumbi wenye mwanga hafifu, simu huacha kila fremu ikae muda mrefu zaidi ili ipate mwanga, na fremu 30 kwa sekunde zinaweza kushuka hadi 24 au chini, kisha zikapanda tena pazia likifunguliwa. Faili huandika saa ya kila fremu, kwa hivyo VLC haisumbuki. Programu nyingi za zamani za kutengeneza DVD hazisomi saa hizo. Huhesabu tu fremu kana kwamba zote zina urefu mmoja. Picha inafupika, sauti inabaki na urefu wake.

La pili ni "Sampling rate" ya sauti, yaani sauti imepimwa mara ngapi kwa sekunde. DVD hutaka 48 kHz. Muziki uliotoka kwenye CD, na rekodi nyingi za kinasa sauti, huwa 44.1 kHz. Programu ikiichukua sauti ya 44.1 na kuicheza kwa mwendo wa 48 bila kuigeuza, saa nzima ya ibada huisha kwa dakika 55 na sekunde saba, na mhubiri anakuwa na sauti ya mtoto. Kosa hili lina faida moja: hulikosi.

La tatu ni "Duration", ambayo huandikwa kando kwa video na kwa sauti. Zikitofautiana kwa sekunde nzima au zaidi, tayari unajua ukubwa wa kazi.

Hatua ya 5: Rekebisha kulingana na kipimo

*Faili yenye fremu zisizo na kipimo kimoja.* Ibadilishe iwe na fremu 25 kwa sekunde kabla ya kuiingiza kwenye programu yoyote ya kuhariri:

`ffmpeg -i simu.mp4 -vf fps=25 -af aresample=async=1000 -ar 48000 -c:v libx264 -crf 18 -c:a aac -b:a 192k simu25.mp4`

Sehemu ya fps=25 huzisoma zile saa za fremu na kurudia au kuacha fremu pale inapobidi, bila kubadilisha urefu wa video. Ile ya aresample huziba mapengo madogo kwenye sauti au kuivuta kidogo ili ifuate saa zake. Nambari 18 ni ya ubora. Ukishusha hadi 16, faili inakuwa kubwa na tofauti huioni kwenye DVD.

Asiyetaka dirisha jeusi atumie HandBrake: kwenye ukurasa wa Video, weka 25 na uchague "Constant Framerate". Matokeo ni yaleyale kwa kazi nyingi.

Mbona 25 wala si 30? Kenya ilitumia mfumo wa televisheni wa PAL mpaka matangazo ya analogia yalipozimwa mwaka 2015, na PAL ni fremu 25 kwa sekunde, pikseli 720 kwa 576. Deki nyingi husoma pia NTSC, mfumo wa Marekani wenye fremu 29.97, na video ya simu ya fremu 30 hutembea laini zaidi humo kwa sababu hakuna fremu zinazotupwa. Lakini diski ikiishia kwenye televisheni ya zamani yenye mgongo, NTSC inaweza kutoa picha isiyo na rangi. Mimi kwa diski za kwenda mashambani hubaki na PAL.

*Sauti iliyohama kwa kiasi kimoja.* Ikiwa VLC ilikupa +350, yaani sauti imetangulia, ongeza kimya hicho mwanzoni mwa sauti yenyewe wakati wa kutengeneza faili ya DVD:

`ffmpeg -i harusi.mp4 -target pal-dvd -aspect 16:9 -af adelay=350:all=1 harusi.mpg`

Ikiwa ilikupa −350, kata mwanzo wa sauti:

`ffmpeg -i harusi.mp4 -target pal-dvd -aspect 16:9 -af "atrim=start=0.35,asetpts=PTS-STARTPTS" harusi.mpg`

Zipo programu zinazoandika ucheleweshaji huo kama maelezo tu ndani ya faili, bila kuigusa sauti. Sizipendi kwa kazi ya DVD. Programu ya kutengeneza diski inaweza kuyapuuza maelezo hayo, ukarudi pale pale.

*Sauti inayozidi kuachana na picha.* Kama faili ilikuwa "Variable", fanya lile rekebisho la kwanza na upime upya. Mara nyingi linatosha. Likishindwa, angalia ukubwa wa kosa, maana kila chanzo kina kipimo chake. Sekunde 3.6 kwa kila saa ni mtu aliyechanganya 30 na 29.97. Dakika mbili na sekunde 24 kwa saa ni video ya fremu 24, ile ambayo wapiga picha wa harusi huipenda kwa kuwa inafanana na sinema, iliyoharakishwa hadi 25 huku sauti ikiachwa nyuma. Katika hali hizo mbili usiiguse sauti. Rudi kwenye faili asili na uibadilishe upya kwa FFmpeg.

Kosa dogo, nusu sekunde kwa saa au chini ya hapo, kwa kawaida linatokana na kurekodi sauti kwa kifaa cha pili, tuseme kinasa sauti kilichochomekwa kwenye mixa ya kanisa. Kila kifaa kina saa yake ya ndani, na saa mbili hazilingani kabisa. Hapa inabidi uvute sauti.

Chagua kofi moja mwanzoni na jingine mwishoni. Pima umbali wa muda kati ya makofi hayo kwenye video, kisha kwenye sauti ya kinasa. Audacity huonyesha vizuri mawimbi ya sauti. Tuseme video imekupa sekunde 4800, na sauti 4800.48. Gawanya sauti kwa video: 1.0001. Hiyo ndiyo namba ya kuingiza:

`ffmpeg -i mixa.wav -af atempo=1.0001 -ar 48000 mixa_sawa.wav`

Namba iliyozidi moja huharakisha, iliyopungua huburuta, na sauti ya mtu haibadiliki kuwa nyembamba wala nzito. Ukimaliza, linganisha kofi la kwanza tu. La mwisho litajileta.

*Sauti inayoruka ghafla.* Hapa hakuna amri ya kukuokoa. Rudi na VLC, punguza umbali nusu kwa nusu mpaka uipate dakika ambayo kosa linaanza. Karibu kila mara utakuta pameunganishwa klipu mbili. Kamera nyingi hukata rekodi ndefu katika vipande vya takriban GB 4 kwa sababu kadi iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32 haikubali faili kubwa kuliko hapo. Kwa vipande vya MTS (aina ya faili za kamera) vya rekodi moja, viunganishe kabla ya kuhariri:

`copy /b 00000.MTS+00001.MTS zote.MTS`

Kwa klipu kutoka simu tofauti, ibadilishe kila moja kwa amri ya fps=25 kwanza, ndipo uziunganishe. Klipu ambayo sauti yake ni ndefu kuliko picha kwa sehemu ya kumi ya sekunde haina shida ikiwa peke yake. Klipu ishirini za namna hiyo zikipangwa mfululizo na programu isiyo makini, una sekunde mbili.

Kanda za VHS za miaka ya themanini na tisini zina balaa lao. Kifaa cha bei ndogo cha kunakili kupitia USB huangusha fremu kanda ikikwaruza au kompyuta ikizidiwa, na kila fremu iliyoanguka ni milisekunde 40 zilizopotea. Funga programu nyingine zote, andika kwenye diski ya ndani badala ya flashi, safisha kichwa cha deki, unakili tena. Kanda ikiwa imechakaa kabisa, kata video pale inaporuka na usogeze kila kipande peke yake. Kazi hiyo ni ndefu, na bei yake mweleze mteja kabla hujaanza.

Hatua ya 6: Tengeneza faili ya DVD mara moja tu

Amri ya -target pal-dvd uliyoiona juu hupanga kila kitu: picha ya MPEG-2 ya 720 kwa 576, fremu 25, sauti ya AC-3 ya 48 kHz. Kwa mpangilio wake wa kawaida, diski ya GB 4.7 hubeba dakika 90 kwa usalama. Ibada ya saa mbili ikikulazimu, ongeza -b:v 4000k kabla ya jina la faili la mwisho. Usipande kwenda karibu na kikomo cha DVD cha megabiti 9.8 kwa sekunde ukidhani unamfaidi mteja. Deki ya zamani yenye diski ya bei ya chini hukwama hapo, na mteja atakwambia sauti imeachana na picha.

Tahadhari: video ya simu iliyoshikwa wima, ukiipitisha kwenye amri hiyo jinsi ilivyo, itamnenepesha kila mtu. Iweke kwanza kwenye fremu pana yenye weusi pembeni kwa programu ya kuhariri.

Ukiingiza harusi.mpg kwenye DVDStyler kwa ajili ya menyu, fungua sifa za video hiyo na uchague "Copy" upande wa picha na upande wa sauti. Usipofanya hivyo inaweza kuibadilisha faili upya, na kazi yako yote ya kupima ikaingia hatarini. Kisha fungua VIDEO_TS kwa VLC na urudie vile vipimo vitatu.

Ndipo uchome kwa ImgBurn, kasi ya 4x au 8x, ukiacha "Verify" ikiwa imewashwa. Kasi ya kuchoma haiwezi kuhamisha sauti, lakini diski iliyochomwa vibaya hukwamakwama, na kwa mtazamaji mambo haya mawili yanafanana. DVD-R hukubalika na deki kongwe kuliko DVD+R. Kama huna UPS, fanya kazi hii kwa laptopu yenye betri nzima. Stima ikipotea katikati, hiyo diski ni ya kutupa.

Siku ya kurekodi

Weka kamera kwenye mfumo wa PAL, fremu 25 au 50. Stima yetu ni ya hezi 50, kwa hivyo utaepuka pia kule kumetameta kwa taa za mrija ukumbini. Kinasa sauti kiwe 48 kHz. Simu iwekwe hali ya ndege, na kama programu yake ya kamera inaruhusu kufunga kasi ya fremu, ifunge. Kamera na kinasa sauti vikishaanza, piga kofi moja kubwa mbele ya lenzi, na jingine kabla ya kuzima. Wageni watakutazama kidogo, kisha watasahau.

Ile harusi.mpg iliyokamilika usiifute. Desemba ikifika, ndugu waliotoka Nairobi na Mombasa watataka nakala zao, na hutaki kuanza kupima upya. Mimi huandika marekebisho kwenye jina la faili lenyewe: harusi_sauti+350_25.mpg.